Peke yako hadi Las Vegas mwezi wa Julai: nani atakuwa utingo wako?

Swali: "Shikamoo kaka. Nina miaka 27, naishi Los Angeles mwaka wa tatu sasa, nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Julai nimepata siku nne za mapumziko na nimeamua kwenda Las Vegas kwa gari, peke yangu. Gari langu ni Corolla ya 2009, halijawahi kunisumbua. Mama kule Tanga akisikia neno jangwa analia kwenye simu, na shosti zangu wanasema nimechanganyikiwa. Je, niende? Na nikienda nijiandae vipi, njiani na huko kwenye kasino?"

Marahaba, mdogo wangu. Nenda. Nimelitanguliza jibu ili usome mengine ukiwa umetulia, maana baadhi ya nitakayosema yanatisha na sitaki udhani nakukataza kwa kuzunguka.

Kabla ya kuja Marekani niliendesha lori miaka saba kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Huku nina mwaka wa kumi na mbili, na njia yangu kubwa ni hiyo hiyo unayoiulizia, barabara kuu ya I-15, kutoka maghala ya San Bernardino hadi Las Vegas na kurudi. Nitakujibu kama dereva.

Wanaokuambia umechanganyikiwa wanafikiria wezi, upweke au kamari. Mimi nimemfikiria utingo. Kwenye lori la kwetu utingo si mtu wa kubebeshwa jeki tu. Ndiye anayesikia tairi limeanza kuimba kabla dereva hajasikia, ndiye anayeruka chini kuweka jiwe nyuma ya gurudumu, ndiye anayekwambia, "Kaka, macho yamekuwa mazito, egesha." Ukisafiri peke yako huna mtu huyo. Na joto la jangwani lina ubaya wake: likikuanza, kinachotangulia kuharibika ni akili yenyewe ya kupima hatari. Mtu aliyezidiwa na joto hasemi amezidiwa. Anasema yuko sawa, tusonge. Kwa hiyo kila unaloandaa, jiulize: hapa utingo angefanya nini, na sasa atafanya nani?

Tuanze na njia. Los Angeles hadi Las Vegas ni kama maili 270, yaani kilomita 435 hivi, pungufu ya Dar hadi Iringa. Barabara ikiwa wazi ni saa nne mpaka tano. Umbali haukusumbui, kinachosumbua ni umbo la njia. Unatoka San Bernardino unapanda Cajon Pass hadi zaidi ya mita 1,270, unatembea juu kwa juu kupita Victorville na Barstow, kisha unashuka hadi Baker, mji mdogo ulio mita 280 tu juu ya bahari. Ukishafika hapo chini penye joto kuliko kote, ndipo unapotakiwa kupanda tena, mpaka Mountain Pass, mita 1,440 hivi. Halafu unateremka Primm kwenye mpaka wa Nevada, na kutoka hapo Las Vegas imebaki kilomita 65. (Kabla ya Baker utaona kibao kimeandikwa Zzyzx. Usidhani macho yamechoka. Jina hilo alilibuni Curtis Springer, mhubiri wa redioni, miaka ya 1940, akitaka liwe neno la mwisho kabisa la Kiingereza.)

Baker ndipo pa kuheshimu. Pana kipimajoto kirefu kama mnara, futi 134, kilichosimamishwa mwaka 1991 kukumbuka nyuzi 134 za Farenhaiti, sawa na 56.7 za Selsiasi, zilizopimwa jirani hapo Death Valley tarehe 10 Julai 1913. Watu wanakipiga picha na kuondoka. Wewe kisome. Kikionyesha zaidi ya 115, jua kwamba gari la zaidi ya miaka kumi na mitano linakwenda kupanda kilomita zaidi ya hamsini ndani ya tanuri. Mbele yake kuna vibao vinavyowashauri madereva wazime kiyoyozi ili injini isichemke. Havikuwekwa kwa mapambo.

Jumamosi moja mchana nilikuta gari dogo la familia pembeni mwa mlima huo, boneti juu, mvuke unatoka. Baba mwenye gari alikuwa amejifunga fulana mkononi anataka kufungua kifuniko cha rejeta. Niliegesha mbele nikakimbia huku napiga kelele, nikamshika kifundo cha mkono. Maji ya rejeta iliyochemka yamebanwa. Ukilegeza kifuniko yanaruka usoni. Tuliwakalisha watoto kwenye kivuli cha tela langu karibu saa nzima. Nikauliza maji yao ya kunywa yako wapi. Chupa mbili ndogo, watu watano.

Kwa hiyo geji ya joto ikianza kupanda, fanya hivi bila kujibishana na nafsi yako: zima AC, washa hita hadi mwisho, fungua madirisha yote, kaa njia ya kulia, punguza mwendo. Utaoka humo ndani, ndiyo, lakini hita inachota moto kutoka kwenye injini na kuutupa nje. Mshale ukigusa nyekundu, egesha mbali na mstari mweupe, zima injini, na kifuniko usikiguse mpaka mpira wa rejeta uwe umepoa mkononi.

Sasa hilo neno lako, kwamba gari halijawahi kukusumbua. Halijakusumbua mjini. Wiki mbili kabla ya safari lipeleke gereji waangalie kulanti, mipira ya rejeta, fani belti na feni. Betri ipimwe pia, maduka mengi ya vipuri hupima bure. Watu hudhani betri hufa kwa baridi, kumbe joto ndilo linaloila zaidi.

Matairi nataka uyaangalie mwenyewe. Inama, pangusa vumbi ubavuni, tafuta herufi DOT. Mwisho wa mstari huo kuna tarakimu nne: zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likipita miaka sita, hata kama meno yake yanaonekana mapya, mimi nisingelipeleka Mojave, jangwa hilo la njiani, mwezi wa Julai, maana mpira umekauka kwa ndani. Kisha fungua buti usome na spea. Spea ya gari la 2009 huenda ni ya 2009, na hakuna aliyeitazama tangu siku hiyo. Upepo jaza alfajiri kabla gari halijatembea, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Namba iliyo kwenye tairi lenyewe ni kikomo cha juu, si hiyo. Kwetu tuna mazoea ya kupunguza upepo "kwa sababu ya joto". Achana nayo. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja sana, linajichemsha, linapasuka.

Siku na saa ya kuondoka ni muhimu kuliko chochote utakachonunua. Ijumaa mchana Los Angeles nzima inakwenda Las Vegas, na Jumapili mchana nzima inarudi. Kama siku zako nne zinaweza kuanza Jumapili, ondoka Jumapili saa kumi alfajiri: foleni yote itakuwa upande wa pili, Baker utaipita saa moja au moja na nusu asubuhi kabla jua halijachachamaa, na vyumba vya katikati ya wiki ni nafuu zaidi. Nakuomba jambo moja, kwa kazi yako ninayoijua: usitoke zamu ya usiku ukaingia barabarani. Lala kwanza.

Maji weka galoni mbili za kunywa, karibu lita nane, na moja ya gari. Yako yakae kando yako, si kwenye buti. Nitakwambia kwa nini. Tarehe 26 Julai 2024 lori lililobeba betri za lithiamu lilipinduka na kuwaka moto karibu na Baker. Moto wa betri hizo hauzimwi kirahisi, na upande wa kwenda Las Vegas ulifungwa kwa takriban siku mbili. Watu walikwama saa nyingi kwenye magari, mchana, jangwani. Hakuna aliyekuwa amefanya kosa lolote. Ndiyo maana Barstow jaza tangi hata kama limebaki nusu: hadi Baker ni kilomita 100, kisha 80 nyingine hadi Primm, na ukikwama kwenye foleni mafuta ndiyo kiyoyozi chako.

Pia lami usiiache, hata simu ikikubembeleza. Novemba 2023, baada ya dhoruba ya vumbi, programu ya ramani iliwapeleka madereva waliokuwa wakirudi Los Angeles kwenye njia za vumbi katikati ya jangwa, wakifuatana kama siafu, na magari yakaharibika huko. Ukiona vumbi limekuja kama ukuta, toka barabarani kabisa, egesha, zima taa zote na toa mguu kwenye breki, ili wa nyuma asizifuate taa zako akidhani bado unatembea. Julai hadi Septemba kuna pia mvua za ghafla. Maji yakikatiza barabara, subiri.

Na Death Valley, nakuomba, iache mpaka majira ya baridi. Kutoka Baker kuna barabara inayokwenda huko na kibao kinavutia. Julai 2024 mwendesha pikipiki mmoja alifariki pale kwa joto, na helikopta ya uokoaji haikuweza kuruka kumfuata, kwa sababu hewa ikiwa moto kiasi hicho inakuwa nyepesi na haiinui. Ukiwa peke yako mahali ambapo hata helikopta haifiki, hakuna utingo wa kukusaidia.

Gari likikufia njiani, baki nalo. Kaa upande wa kivuli, mbali na magari yanayopita, piga 911 na useme mambo mawili: unaelekea kaskazini au kusini, na jina la njia ya kutokea uliyoipita mwisho. Jizoeze kuyasoma majina hayo kwa sauti unapoyapita. Kumbuka jasho la jangwani hukauka kabla hujalihisi, kwa hiyo usisubiri kiu. Kichwa kikigonga, misuli ikikaza, moyo ukichafuka, hilo ni joto, si njaa. Na kabla hujaondoka soma mkataba wa bima yako au chama chako cha kuvuta magari. Mingi huvuta maili chache tu, baada ya hapo unalipia kila maili.

Sasa utingo mwenyewe. Huku ukiondoka saa kumi alfajiri, Tanga ni saa nane mchana. Mama yuko macho. Badala ya kumficha, mpe kazi: mwandikie vituo vyako, Barstow, Baker, Primm, hotelini, na saa unazotarajia, kisha umtumie ujumbe kila ukifika. Najua hawezi kupiga 911 akiwa Tanga, kwa hiyo orodha hiyo hiyo apewe na shosti mmoja wa Los Angeles, na mkubaliane kabisa: ukichelewa kituo kwa saa moja na nusu na simu haipokelewi, anapiga 911. Msilifanye jambo la kuoneana aibu. Mama aliyepewa ratiba halii kama mama aliyeachwa na neno jangwa peke yake.

Polisi akikuwashia taa nyuma, sogea kulia, simama, shusha kioo, mikono juu ya usukani, ubaki ndani. Nasema hivi kwa sababu kwetu heshima ni kushuka ukamsalimie afande. Huku kushuka kunamtia askari hofu. Mwendo wa juu California jangwani ni maili 70 kwa saa, na ukiona gari la dharura limesimama pembeni, hama njia.

Ukifika mjini, joto bado linakufuata. Tarehe 7 Julai 2024 Las Vegas ilifikia nyuzi 48.9 za Selsiasi, rekodi ya mji huo. Barabara ya mahoteli makubwa, Strip, ina urefu wa karibu kilomita saba, na majengo ni makubwa mno hata jengo linaonekana liko hapo tu, kumbe ni dakika arobaini kwa mguu. Tembea alfajiri au usiku, mchana kaa ndani au panda basi. Usitembee na ndala nyepesi, lami yenyewe inaunguza ngozi. Ndani ya gari usiache simu, dawa wala kopo la kupuliza.

Bei ya chumba iangalie mpaka mwisho. Hoteli nyingi zina ada yao ya kila siku, na nyingi hutoza maegesho. Lipa chumba kabla hujaondoka Los Angeles, na hela ya mafuta ya kurudi weka kando siku hiyo hiyo. Hapo utakuwa umeshamaliza nusu ya swali lako la kasino.

Nusu iliyobaki ni hesabu. Nevada iliruhusu kamari Machi 1931, na tangu hapo kasino hazijawahi kuhitaji kumwibia mtu, namba zinawatosha. Chukua ruleti, mchezo wa kubashiri kipira kitatua kwenye namba gani ya gurudumu. Gurudumu la kawaida la Marekani lina vyumba 38: namba 1 hadi 36, sifuri (0), na sifuri mbili (00). Ukiweka dola kwenye namba moja na kushinda, unalipwa 35 kwa moja, kana kwamba vyumba vilikuwa 36. Hivyo vyumba viwili vya ziada ndivyo mshahara wa kasino: wastani wa dola 5.26 katika kila 100 unazoweka. Siku hizi kuna magurudumu yenye sifuri tatu, na hapo ni 7.69. Pale penye sifuri moja ni 2.70. Sasa tazama inavyokula: ukicheza dola 10 kila mzunguko, mizunguko arobaini kwa saa, umeweka dola 400, ingawa mfukoni uliingia na 100. Wastani wa hasara ni dola 21 kwa saa. Unaweza kushinda usiku mmoja, wapo wanaoshinda. Lakini mtu akikaa muda mrefu, hesabu inamkuta. Anayejua mikeka ya mpira kule nyumbani analijua hili.

Na huko ndiko utakakomkosa utingo kuliko hata barabarani. Hakuna wa kukuvuta mkono akuambie twende tukalale. Kumbi nyingi hazina madirisha wala saa ukutani, na vinywaji unaletewa bure ukiwa unacheza, pombe ambayo kesho yake jangwani ni ukame mwilini. Fanya hivi: kila siku bahasha moja ya fedha taslimu, kiasi ambacho ungetumia kwa tamasha na usingekisikitikia. Kadi zote zibaki kwenye kisanduku cha chumbani, maana mashine za fedha za kasino hukata ada nzito. Weka kengele ya simu, ikilia unanyanyuka hata kama unashinda. Kama huchezi kamari kwa imani yako au kwa uamuzi wako, hakuna atakayekuuliza. Beba kitambulisho halisi, umri wa kucheza ni miaka 21.

Kama bado hujawa raia, sikiliza hili vizuri. Bangi inauzwa madukani kwa sheria ya Nevada, lakini kwa sheria ya serikali kuu bado ni kosa, na uhamiaji hufuata serikali kuu. Usiinunue, usiibebe. Na kasino ikikulipa ushindi mkubwa wa mashine, itakuandikia fomu ya kodi. Itunze.

Kwa siku zako mbili za katikati, ningekupeleka Mount Charleston, karibu saa moja kutoka mjini. Kilele chake kina mita 3,632, kuna misonobari, na unaposhuka kwenye gari unahisi baridi ambayo mjini ungeapa haipo. Siku nyingine nenda Bwawa la Hoover asubuhi na mapema, lenye kimo cha mita 221, lililojengwa kuanzia mwaka ule ule wa 1931. Njia za miguu za korongoni ziache. Baadhi hufungwa kabisa majira ya joto, na zisizofungwa si za mtu mmoja.

Kurudi, ondoka Jumatano saa kumi na moja alfajiri, umelala usiku mzima. Mpakani mwa California utasimamishwa uulizwe kama una matunda au mimea. Jibu ukweli, ni ukaguzi wa wadudu wa mashambani tu. Mteremko wa mwisho ni Cajon, na huo mdogo wangu ushuke kama tunavyoshuka Kitonga: tia gia ndogo kabla mteremko haujaanza, uache injini ishike gari, breki uziguse kwa vipindi. Malori yatakuwa kulia kwako yanashuka polepole. Usikate mbele yao, hatusimami haraka. Ukifika chini San Bernardino, egesha mahali salama na umtumie mama ujumbe wa mwisho. Itakuwa kama saa mbili na robo asubuhi kwako, na Tanga jua linazama.